Kutoka Kisumu hadi mgongo wa Bahari Hindi: jinsi ya kuchora na kulinganisha nchi kavu na sakafu ya bahari

Vitabu vingi vya jiografia huweka milima ukurasa mmoja na sakafu ya bahari ukurasa mwingine, na mwanafunzi akafunga kitabu akidhani hizo ni dunia mbili. Mwongozo huu unaziweka kwenye karatasi moja, kwa kipimo kimoja. Utachora mkato, yaani umbo ambalo ungeliona kama ungeikata ardhi kwa kisu na kuitazama ubavuni. Mstari wetu unaanzia ufuo wa Kisumu, unapanda Molo, unashuka Nakuru, unapita Naivasha na Nairobi hadi Mombasa, unaingia majini mpaka Shelisheli, kisha unaendelea mashariki hadi safu ya milima iliyozama katikati ya Bahari Hindi. Mchoro ukikamilika utakuwa na urefu wa karibu mita mbili, na utafaa ukuta wa darasa au wa sebule.

Kazi hii inamfaa mwalimu wa gredi za juu, mzazi aliyeletewa mradi wa shule usiku wa Jumapili, au mtu mzima anayependa tu kujua anakanyaga nini. Huhitaji kujua kuchora vizuri. Unahitaji subira ya kupima.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Chukua karatasi za manila, uzikate nusu kwa urefu, uziunge kwa selotepu mpaka upate utepe wa mita mbili. Upana wa sentimita 25 unatosha. Nyuma ya kalenda za zamani pia panafaa, na ni bure. Ongeza rula, penseli, kifutio, kalamu za rangi tano na kipande cha uzi.

Kwa nambari, atlasi ya shule inatosha upande wa nchi kavu. Upande wa bahari, atlasi nyingi hupaka buluu na kuishia hapo. Tumia Google Earth kwenye kompyuta: ukisogeza mshale, mwinuko huandikwa chini ya kioo, na baharini nambari huja na alama ya kutoa. Ramani za GEBCO, mradi wa kimataifa wa kuchora sakafu ya bahari, nazo zinapatikana bure intanetini.

Tahadhari moja kuhusu nambari za baharini. Ni karibu robo tu ya sakafu ya bahari yote duniani iliyokwisha kupimwa na meli kwa mwangwi wa sauti. Sehemu iliyobaki imekadiriwa kwa setilaiti: mlima uliozama huvuta maji kidogo kuelekea kwake, uso wa bahari ukainuka pale, na setilaiti hupima mwinuko huo mdogo. Kwa hiyo ukiona mahali panaonekana laini mno kwenye ramani, huenda ni kwa sababu hakuna meli iliyopita ikipima. Kilima chenye ukubwa wa kile cha Kisian, karibu na Kisumu, kinaweza kujificha hapo bila mtu kukijua.

Hatua ya 2: Chora mstari wa sifuri na uchague vipimo

Piga mstari mlalo katikati ya utepe wote. Huo ndio usawa wa bahari, sifuri yetu. Kila kilicho juu yake kinapimwa kwenda juu, kila kilicho chini kinapimwa kwenda chini.

Kipimo cha mlalo: sentimita 1 iwe kilomita 20. Kipimo cha wima: sentimita 1 iwe mita 500. Umeona tayari kwamba vipimo hivi havilingani. Kilomita 20 ni mita 20,000, na ukigawa kwa 500 unapata 40. Maana yake milima yako itaonekana mirefu mara 40 kuliko ilivyo. Karibu kila mchoro wa sakafu ya bahari uliowahi kuuona umetiwa chumvi namna hii, na mara nyingi bila kuandikwa. Wewe andika pembeni kwa herufi kubwa: WIMA MARA 40. Tutalirudia jambo hili katika hatua ya 7.

Hatua ya 3: Weka nukta za nchi kavu

Anza upande wa kushoto wa karatasi. Nambari ya kwanza ni umbali kutoka Kisumu kwenye karatasi, ya pili ni mwinuko halisi kwa makadirio.

Kisumu: sentimita 0, mita 1,134.
Molo: sentimita 5.5, mita 2,500.
Nakuru mjini: sentimita 7.5, mita 1,850.
Naivasha, usawa wa ziwa: sentimita 10.5, mita 1,885.
Limuru: sentimita 13, mita 2,200.
Nairobi: sentimita 14.5, mita 1,700.
Mtito Andei: sentimita 25, mita 750.
Voi: sentimita 30, mita 560.
Mombasa: sentimita 37, sifuri.

Kupata sentimita za wima gawanya mwinuko kwa 500. Nakuru kwa mfano ni 3.7. Unganisha nukta kwa mkono mwepesi, kisha ongeza nukta zako mwenyewe katikati.

Hapo ndipo safari ya matatu inaposaidia. Ukisafiri kutoka Kisumu kwenda Nakuru, fungua programu ya mwinuko kwenye simu, kaa dirishani, na uandike nambari kila mnapofika mji. GPS ya simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita, lakini kwa kipimo chetu mita 50 ni milimita moja tu. Utaona kwa nambari kile ambacho masikio yako hukuambia yanapoziba: kutoka Ahero ardhi ni bapa kabisa, halafu inaanza kupanda kuelekea Kericho, inaendelea hadi Mau Summit, kisha baada ya Molo inashuka kwa haraka. Huo mshuko ni ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa. Ukuta wa mashariki utaupata Kinungi kuelekea Limuru.

Milima ambayo haimo kwenye mstari wetu ichore kwa vitone nyuma, kama kivuli. Mlima Kenya ni mita 5,199, Kilimanjaro 5,895. Elgon ni 4,321, nao uko kaskazini ya pale tunapoanzia, kwa hiyo uweke kwenye ukingo wa kushoto.

Kosa linalojirudia kila mara hapa ni ziwa. Watoto hulichora Ziwa Victoria likishuka chini ya mstari wa sifuri kwa sababu ni maji. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, na pahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80 tu, kwa hiyo hata tope la chini kabisa liko zaidi ya mita 1,000 juu ya Mombasa. Ziwa Tanganyika ni kinyume: kina chake ni kama mita 1,470 na uso wake uko chini ya mita 800, hivyo sakafu yake imeshuka karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ndani kabisa ya bara. Tofauti inatokana na jinsi yalivyotokea. Tanganyika limo ndani ya ufa wenyewe. Victoria limekaa kwenye bonde bapa katikati ya matawi mawili ya ufa, mahali ambapo kingo za pande zote ziliinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikipita kwenda magharibi.

Hatua ya 4: Ingia majini

Sasa vuka Mombasa. Kipande cha kwanza kinaitwa tako la bara: ni bara lenyewe likiendelea chini ya maji ya kina kifupi. Kwa wastani duniani tako la bara lina upana wa kilomita 65 hadi 80 na huishia kwenye kina cha mita 130 hivi. Mbele ya Mombasa ni jembamba sana, kilomita chache tu, na kwa kipimo chako halifiki hata nusu sentimita. Mkabala wa Ghuba ya Ungwana, unakomwaga maji Mto Tana, linapanuka hadi makumi ya kilomita. Wavuvi wa kamba wa huko wanafahamu tofauti hiyo kwa nyavu zao.

Baada ya tako unakuja mteremko wa bara. Kwenye karatasi yako utaonekana kama ukuta wa nyumba. Kumbuka ile mara 40. Kwa kweli mteremko wa bara duniani una wastani wa nyuzi 4, yaani kushuka mita 70 kwa kila kilomita. Lori la sukari la Muhoroni lingeupanda kwa gia ndogo likitoa moshi, lakini lingeupanda. Miguuni pa mteremko kuna rundo pana la mchanga na tope lililoporomoka kutoka juu, linaloinama polepole zaidi.

Kisha unafika sakafu yenyewe. Bonde la bahari lililo kati ya pwani yetu na Shelisheli lina kina cha mita 4,000 na zaidi, na sehemu nyingine hupita 5,000. Chora mstari ukitumia nambari zako za Google Earth, nukta moja kila sentimita tano inatosha. Kwenye sentimita 124 hivi, nyanyua mstari ghafla mpaka karibu na sifuri: hapo ni jukwaa la Shelisheli, ambalo sehemu kubwa yake imefunikwa na maji ya makumi machache ya mita, na kisiwa cha Mahé kinachomoza juu yake hadi mita 905. Shuka tena upande wa pili. Endelea na sakafu ya kina, halafu anza kupanda taratibu, na kufikia karibu sentimita 194 uwe umefika kina cha mita 3,000 au pungufu kidogo. Huo ndio mgongo wa bahari. Kileleni pake, badala ya ncha, chora bonde. Si kosa la ramani. Linakuja katika hatua ya 6.

Hatua ya 5: Paka rangi kwa mwamba

Hapa ndipo mchoro unapoanza kusema kitu. Usipake kijani kwa nchi kavu na buluu kwa bahari. Weka buluu nyepesi kwenye maji tu, halafu chini ya mstari wa ardhi paka rangi kulingana na mwamba.

Waridi kwa mwamba wa kale wa bara. Kutoka Kisumu nenda Seme, barabara ya Bondo, uone Kit Mikayi. Yale majabali yaliyopandana ni granite, na granite za eneo hilo zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Majabali ya Maragoli ni ya ukoo huohuo. Ukiyashika umeshika sehemu ya kiini cha Afrika.

Nyekundu kwa mwamba wa volkano: kuanzia Molo hadi Nairobi, sehemu kubwa ya unachokanyaga ni lava na majivu ya juzi juzi kwa hesabu ya dunia, miaka milioni chache au hata maelfu.

Waridi iliyokolea kwa miamba iliyopikwa na kukunjwa, ile yenye mistari inayoonekana kandokando ya barabara ya Mtito Andei na Tsavo. Hiyo ni mabaki ya safu ya milima iliyokuwepo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ikasuguliwa na mvua ikaisha.

Njano kwa mchanga na matope yaliyoganda, pamoja na matumbawe ya Mombasa. Jiwe la matumbawe lililojenga nusu ya mji ule lilikua chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, kama miaka 125,000 iliyopita.

Nyeusi kwa sakafu ya bahari: basalti, mwamba mweusi unaotokana na lava iliyopoa. Unene wa ganda hili jeusi ni kilomita 6 au 7 tu, wakati ganda la bara ni kilomita 30 hadi 40. Na umri? Hakuna pahali kwenye sakafu za bahari kuu penye basalti iliyozidi sana miaka milioni 180. Sakafu iliyo mbele ya pwani yetu ni mojawapo ya zile kongwe katika Bahari Hindi, kwa sababu ilizaliwa Madagaska ilipokuwa ikijitenga na ubavu wa Afrika tangu karibu miaka milioni 160 iliyopita. Hata hivyo, ikiwekwa kando ya Kit Mikayi ni kijana.

Sasa fika Shelisheli na usimame na kalamu mkononi. Rangi gani? Mahé ni granite, ya miaka kama milioni 750. Paka waridi. Umepata kipande cha bara kilichoachwa katikati ya bahari wakati India na Madagaska zilipokuwa zikiachana. Kuzungukwa na maji pande zote hakujakifanya kuwa bahari.

Ukitaka mtoto aelewe kwa nini bara liko juu na sakafu ya bahari iko chini, chukua beseni la maji na vipande viwili vya mbao ya saiprasi, kimoja kinene na kimoja chembamba. Kinene kitatokeza juu zaidi, na vilevile kitazama chini zaidi. Ganda la bara ni nene na jepesi, la bahari ni jembamba na zito zaidi, na yote mawili yamekaa juu ya miamba mizito ya moto inayosogea polepole mno. Ndiyo maana uso wa dunia umejipanga katika ghorofa mbili: sehemu kubwa ya nchi kavu iko mita mia chache juu ya bahari, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari iko kati ya mita 4,000 na 5,000 chini. Katikati pana eneo dogo tu, na hilo ndilo mteremko.

Kutokana na hayo, chukua kalamu nene na uweke alama ya mpaka wa bara. Usiiweke ufuoni. Iweke kwenye mteremko, pale rangi inapobadilika. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi, bahari ilishuka karibu mita 120 na watu wangeweza kutembea juu ya tako la bara lililo chini ya maji leo. Ufuo huenda na kurudi. Mteremko haukuondoka.

Hatua ya 6: Linganisha kwa jozi

Usilinganishe kwa orodha ndefu. Chagua umbo moja la nchi kavu unalolijua kwa miguu, ulitafutie mwenzake majini.

*Nyanda za Kano na uwanda wa sakafu ya bahari.* Kano ni tambarare kwa sababu ni shimo lililojazwa. Chini yake kuna tawi la ufa linaloingia upande wa Kisumu, na Mto Nyando pamoja na wenzake umelimwagia udongo kwa maelfu ya miaka, na bado unalimwagia kila masika, kama wakazi wa Ahero wanavyojua vizuri kuliko mwandishi yeyote. Uwanda wa baharini umetokea vivyo hivyo: milima na mabonde ya basalti yamefunikwa na tope lililoporomoka kutoka mteremkoni na vumbi laini la mabaki ya viumbe vidogo. Matokeo yake ndiyo mahali bapa kuliko pote duniani, panapoinama chini ya mita 1 kwa kilomita. Kano inapendeza, lakini huko haifui dafu.

*Menengai na Fani Maoré.* Ukingo wa Menengai uko mita 2,278 juu ya bahari, zaidi ya mita 400 juu ya mji wa Nakuru, na shimo lake lina ukubwa wa kama kilomita 12 kwa 8. Ni volkano iliyojimwaga mpaka paa likaporomoka ndani. Mwenzake wa baharini tumpate jirani: mwaka 2018 kisiwa cha Mayotte, kati ya Msumbiji na Madagaska, kilianza kutikisika, na meli ya utafiti ilipofika mwaka 2019 ilikuta volkano mpya kabisa, ambayo sasa inaitwa Fani Maoré, umbali wa kilomita 50 mashariki ya kisiwa, imejijenga kwa kimo cha mita 800 hivi kutoka sakafu yenye kina cha mita 3,500. Maradufu ya kile unachokiona ukiwa Nakuru ukitazama Menengai, na hakuna mtu aliyeona hata moshi. Uzito wa maji kwenye kina hicho huizuia gesi kulipuka, lava ikatoka taratibu na kuganda kama mito ya kulalia iliyopangwa ovyo. Ndiyo maana volkano nyingi za dunia hufanya kazi kimyakimya baharini, na sisi tunadhani ni chache.

*Kilimanjaro na Mahé.* Hapa lazima useme unapima kutoka wapi. Ukipima kutoka usawa wa bahari, kilele cha Mahé ni kifupi kuliko soko la Kibuye la pale Kisumu. Ukipima kutoka sakafu inayokizunguka, kinasimama zaidi ya mita 4,000, na kinaanza kukaribia kimo cha Kilimanjaro kutoka tambarare ya Moshi. Kwa kipimo hiki hiki Mauna Kea ya Hawaii, yenye mita 4,207 tu juu ya maji, huzidi mita 10,000 kutoka miguuni na kuupita Everest wenye 8,849. Wanafunzi hupenda kubishana hapa nani mshindi. Waache wabishane, mradi kila mmoja ataje sifuri yake.

*Bonde la Ufa na bonde la mgongoni.* Hii ndiyo jozi iliyonifanya nichague mstari huu na si mwingine, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tazama mchoro wako. Upande wa kushoto, kati ya Molo na Limuru, kuna ardhi iliyovimba, na katikati ya uvimbe pana bonde lenye kuta mbili. Upande wa kulia kabisa, sakafu ya bahari imevimba, na kileleni pana bonde lenye kuta mbili. Umbo ni lilelile. Na sababu ni ileile: miamba ya moto inainuka kutoka chini, inalisukuma ganda juu, ganda linavutwa pande mbili, na katikati linadidimia.

Tofauti iko katika hatua iliyofikiwa. Kwetu ganda bado ni la bara, nene, linanyumbuka na kupasuka kwa milimita chache kwa mwaka. Kule mgongoni bara liliisha zamani, na kila ufa unaofunguka hujazwa na basalti mpya inayosogea pande zote mbili. Basalti ikiwa changa ni ya moto na imevimba, ndiyo maana mgongo uko juu. Ikisogea mbali inapoa, inasinyaa, inazama. Kwa hiyo ukienda kutoka mgongo kuelekea Shelisheli unatembea kwenye mwamba unaozidi kuwa mzee na kina kinachozidi kuongezeka. Andika umri kandokando ya mstari wako na utaona vinakwenda pamoja, mpaka pale Shelisheli inapokatiza.

Waliogundua jambo hili walitumia njia hii unayoitumia sasa. Mwaka 1952, huko New York, mchora ramani Marie Tharp alipewa vipimo vya mwangwi vilivyoletwa na meli ambazo yeye kama mwanamke hakuruhusiwa kupanda. Alichora mikato sita ya Bahari ya Atlantiki, akaipanga mmoja chini ya mwingine, na kwenye kila mmoja akaona mpasuko kileleni mwa mgongo, mahali palepale. Mwenzake Bruce Heezen hakukubali mwanzoni. Ilibidi ramani ya matetemeko ya ardhi, iliyokuwa ikichorwa meza ya jirani, ilazwe juu ya ile ya Tharp, ndipo ikaonekana kwamba matetemeko yamejipanga ndani ya bonde lile. Walipoufuata mstari huo wa matetemeko kuzunguka dunia, ulitoka Bahari Hindi, ukaingia Ghuba ya Aden, ukapanda nchi kavu na kuteremka Afrika Mashariki, kwenye bonde ambalo mwanajiolojia John Walter Gregory alikuwa amelichunguza hapa kwetu tangu 1893.

Fanya hivyo kwa uzi. Fungua ramani ya dunia, bana ncha ya uzi pale mstari wetu ulipoishia mgongoni, ufuate mgongo kaskazini-magharibi kupitia ule unaoitwa Carlsberg, uingie Ghuba ya Aden, ukunje kusini kwenye pembe ya Afar nchini Ethiopia, ambako Septemba 2005 ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 ndani ya siku chache. Kutoka hapo shuka Turkana, Baringo, Bogoria, na uzi utakufikisha Menengai. Ncha mbili za mchoro wako zimeunganishwa na njia moja. Safu hiyo ya migongo, ukiijumlisha baharini kote duniani, ina urefu wa zaidi ya kilomita 60,000. Hakuna safu ya milima ya nchi kavu inayoikaribia.

Hatua ya 7: Chora tena bila chumvi

Kata utepe mwembamba wa urefu uleule. Safari hii wima na mlalo vyote viwe kilomita 20 kwa sentimita. Mlima Kenya unakuwa milimita 2.6. Sakafu ya bahari yenye kina cha mita 5,000 inashuka milimita 2.5. Bonde la Ufa ni chini ya nusu milimita, karibu unene wa alama ya penseli butu. Ziwa Victoria, lenye upana wa sentimita 12 hivi kwa kipimo hiki, lina kina cha milimita 0.04: jembamba kuliko karatasi uliyolichorea.

Bandika utepe huu chini ya ule mkubwa. Wa juu unaonyesha maumbo, wa chini unaonyesha ukweli wa ukubwa wake, na mtu asiyeona yote miwili atadanganyika kwa namna moja au nyingine.

Hatua ya 8: Ongeza kipande cha handaki

Mstari wetu una upungufu mmoja: hauna handaki la bahari, yale mashimo marefu membamba ambamo sakafu ya bahari hupinda na kuzama chini ya bamba lingine, yaani kipande kingine kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea. Pwani ya Afrika Mashariki haina, kwa sababu huku bara na sakafu vimeshikamana na vinasogea pamoja. Lililo karibu katika Bahari Hindi liko ng'ambo, kusini mwa Sumatra na Java, na hushuka zaidi ya mita 7,000. Kwenye kipimo chako hiyo ni zaidi ya sentimita 14, itapita ukingo wa karatasi, kwa hiyo lipe kipande chake pembeni pamoja na lile la Mariana katika Pasifiki, lenye karibu mita 10,900, sawa na sentimita 22.

Kando ya handaki chora volkano za Indonesia, maana sakafu inayozama huenda na maji, maji yanaiyeyusha miamba ya juu yake, na lava ikapanda. Usilifananishe na Bonde la Ufa hata kama yote mawili ni mashimo marefu. Pale Nakuru vitu vinaachana. Kwenye handaki vinagongana. Weka mishale miwili kwenye kila moja kuonyesha upande vinakoelekea, na ukiwa na wanafunzi, wafichie mishale kwa karatasi uwaulize waitaje kabla ya kuwaonyesha.